Waoaji Thelathini wa Kujitolea

Katika miaka thelathini na moja aliyopiga chapa hukumu za mahakama, Bi Karani hakuwahi kurudishiwa ukurasa. Mahakimu walikuja wakaondoka, mashine za chapa zikatupwa stoo na kompyuta zikaingia, mawakili aliowajua wakiwa na nywele nyeusi wakaota mvi, lakini hakutokea mtu wa kumwambia, mama, hapa umekosea. Siku ya kumuaga, mzee aliyesoma risala alisema herufi zilikuwa zinamwogopa mama huyu. Watu wakacheka. Bi Karani naye akacheka, ila moyoni alijua hilo si mzaha.

Kwa hiyo wanawake wa mtaani kwake walipoanzisha kikundi cha kupigania mtaro, hapakuwa na haja ya kupiga kura ya katibu.

Mtaro wenyewe ulianzia sokoni, ukapita nyuma ya zahanati, ukajikunja nyuma ya nyumba zao, kisha ukaingia kwenye bomba kubwa la saruji chini ya barabara kuu. Zamani ulikuwa mtaro. Sasa ulikuwa ghala: chupa, matambara, tope la miaka miwili, na godoro moja ambalo hakuna aliyekubali kwamba analifahamu. Mvua ikidondoka kidogo tu, maji yalirudi nyuma na kuingia zahanati, na kina mama waliobeba watoto wakakaa kwenye mabenchi wamepandisha miguu kama kuku waliokimbia mafuriko.

Mwenyekiti alikuwa wifi yake, mjane wa kaka yake, fundi cherehani mwenye sauti ya kumwita mtu mtaa wa tatu na akaitika. Vikao vilifanyika dukani kwake, katikati ya magauni yasiyotiwa mikono na mashati yanayosubiri vifungo. Wanachama kumi na mmoja, viti sita. Waliobaki walikalia majora ya vitambaa. Hapo ndipo zilipopangwa barua tatu kwa manispaa, na Bi Karani akazipiga chapa zikatoka safi kama sahani za wageni. Kila barua ilijibiwa kwa nusu karatasi: *Barua yako imepokelewa.* Chini yake muhuri, na sahihi iliyojikunja kama ndoano.

"Imepokelewa, imepokelewa!" wifi yake alifoka siku lilipokuja jibu la tatu. "Kwani tuliwaandikia kuwauliza kama posta inafanya kazi?"

Masika yalikuwa yamebakiza wiki tatu. Bi Karani akaenda maktaba kuchapisha barua ya nne.

Mkutubi wa pale alikuwa kijana mwembamba mwenye kalamu mbili mfukoni mwa shati, na upole wa mtu aliyezoea kuwanyamazisha watu bila kuwaudhi. Kila Jumanne alifundisha darasa la saa mbili kwa vikundi vya mitaani: namna ya kutumia huduma za mtandaoni ambazo ziliwekwa bure kwa ajili ya watu kama wao, wasio na ofisi wala gari lenye nembo. Alipoiona ile barua ya nne ikitoka kwenye mashine, akaisoma, akatikisa kichwa kwa heshima.

"Mama, barua ni nzuri. Lakini mlango ukiugonga mara tatu usifunguliwe, si unapiga hodi kwa jirani?"

"Jirani yupi?"

"Kaa hapa nikuonyeshe."

Akamfungulia tovuti iitwayo Bega kwa Bega. Kikundi kinajisajili, kinapewa ukurasa wake. Ukiwa na tatizo unalichomeka kwenye ramani, kila apitaye mtandaoni analiona. Ukihitaji watu wa kujitolea unaweka tangazo, wao wanajaza fomu, na ukitaka kusema nao wote unaandika ujumbe mmoja tu, unabofya, umefika kwa kila mtu. Bi Karani alisikiliza huku midomo ameibana. Mambo aliyoyapenda yalikuwa na kaboni na nakala tatu. Lakini alipoona kwamba kikundi cha vipofu cha mtaa wa pili kilikuwa kimepata wasomaji ishirini kwa njia hiyo hiyo, wivu mdogo ulimchoma.

"Nipe nafasi niandike," akasema.

Aliandika kwenye simu yake, kwa kuwa mkutubi alitaka kila mtu ajifunze kwa chombo atakachorudi nacho nyumbani. Miwani yake ilikuwa ndani ya mkoba. Aliivaa nyumbani tu, mahali pasipo na shahidi. Simu nayo ilikuwa na tabia ya kumdandia mtu maneno kabla hajayamaliza. Bi Karani aliandika kwa ufupi wa kimahakama. Habari zote za mtaro hakuzirudia, kwa sababu zilikuwamo ndani ya zile barua tatu, nazo alizipiga picha na kuziweka kama viambatisho. Huko mahakamani, jambo likishakuwa kwenye kiambatisho, halirudiwi.

"Tulisome pamoja kabla hujalituma?" mkutubi aliuliza.

"Mwanangu, mimi nimepiga chapa hukumu za vifungo vya maisha. Tangazo la mtaro ndilo litakalonishinda?"

Akabofya.

Majibu yalianza kuingia kesho yake, kabla wifi yake hajafungua hata dirisha la duka. Fomu ya tovuti ilimuuliza mtu mambo matatu: jina, ujuzi wake, na kinachomsukuma kujitolea. Wifi yake aliyasoma kwa sauti huku anakanyaga cherehani, na Bi Karani akiyaandika kwenye daftari.

"Wa kwanza fundi magari. Ujuzi, anasema: 'Natengeneza chochote, sinywi, silali nje.'"

"Vizuri. Anayelala kwake huamka mapema."

"Wa pili dereva wa lori. Kinachomsukuma: 'Nimechoka kula peke yangu.'"

"Maskini. Kazi ya pamoja huondoa upweke."

"Wa tatu huyu hapa: 'Kazi hii nimewahi kuifanya miaka tisa, ikavunjika bila kosa langu.'"

Bi Karani alifikiri kidogo. "Itakuwa mkataba wa usafi."

"Na wa nne anauliza kama atapangiwa au atachagua mwenyewe."

"Mwambie atapangiwa. Wakiachiwa wachague, wote watakimbilia upande wenye kivuli."

Wifi yake akaandika: *Utapangiwa papo hapo. Mtakuwa wawili wawili.* Jibu lilirudi kabla hajaiweka simu chini: *Sawa kabisa. Hapo ndipo ninapotaka.*

Kufikia Alhamisi adhuhuri walikuwa wamejiandikisha watu sitini na watatu, wote wanaume. Duka lilijaa wanachama waliokuja kuziona hizo takwimu kwa macho yao. Bi Karani alirudi nyumbani anatembea kama aliyeshinda rufaa, akachukua ungo akaanza kuchambua mchele, na hapo simu ikalia. Alikuwa mkutubi.

"Mama, uko wapi?"

"Nyumbani, nachambua mchele."

"Kaa chini kwanza."

"Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Fungua tangazo lenu. Na mama, samahani, vaa miwani."

Alivaa miwani. Akafungua. Akasoma.

*WAOAJI WANATAKIWA. Kikundi cha akina mama wa mtaa wetu kinatafuta waoaji thelathini wa kujitolea. Umri si hoja, mradi mtu awe na nguvu na moyo. Kazi ni ngumu lakini ni ya siku moja. Tukutane Jumamosi saa mbili asubuhi, uwanja wa zahanati. Njoo na buti na glavu zako. Chai ipo. Maelezo zaidi yamo kwenye viambatisho.*

Alisoma tena, akitafuta wazoaji wake. Hawakuwapo. Ile z ilikuwa imekwenda zake, mara mbili, na kama ni kidole kilichoiruka au ni simu iliyojifanya inajua zaidi, mpaka leo haijulikani. Wazoaji wa takataka walikuwa wamegeuka wanaume watafutao wake, tena wa kujitolea, tena wa siku moja, tena wenye glavu.

"Mama? Bado upo?"

"Nipo," alisema Bi Karani, ingawa hakuwa na hakika.

Wifi yake alipoonyeshwa, alicheka mpaka kikopo cha pini kikamwagika. Alicheka akakalia sakafu, akajaribu kuziokota pini, akasoma tena pale penye "Chai ipo", akaanza upya. Bi Karani alisimama mlangoni na mkoba wake mkononi kama mtu anayesubiri kuitwa kizimbani.

"Unacheka, wifi. Mimi nitapita wapi?"

"Utapita barabarani kama sisi wote." Fundi alijifuta machozi kwa kipande cha bitana. "Haya, sikia. Lifute. Tuseme wahuni wameingilia ukurasa wetu. Mambo hayo hutokea kila siku, nani atajua?"

Lilikuwa neno tamu, na Bi Karani alilionja kidogo. Ni kweli, nani angejua? Lakini alikuwa ametumia nusu ya maisha yake kuyapiga chapa maneno ya watu waliosema si mimi, ni shetani, ni rafiki, ni pombe, mikono haikuwa yangu. Alijua maneno hayo yanavyoonekana yakishawekwa kwenye karatasi. Akavuta kiti akaketi, akatoa simu.

Alichukua muda mrefu. Alipomaliza akampa wifi yake asome, kisha akamsomea mkutubi kwa simu, neno kwa neno, akimtaka amkatize popote. Ujumbe ulisema hivi:

*Ndugu zetu, kosa ni langu mimi katibu. Nilikusudia kuandika wazoaji, yaani watu wa kuzoa takataka. Hakuna bibi harusi hata mmoja. Kuna mtaro uliozibika, na zahanati inayoingia maji kila mvua inaponyesha. Niliambiwa nilisome tangazo kabla ya kulituma nikakataa kwa kiburi. Mwenye hasira, anazo haki zote. Mwenye beleshi, tunamwomba aje. Chai ni kweli ipo.*

"Hapo kwenye kiburi ungepaacha," alisema wifi yake, safari hii kwa sauti ya chini.

"Pabaki."

Akabofya, na ujumbe ukawafikia wote sitini na watatu kwa mara moja. Katika saa ya kwanza kumi na mmoja walijiondoa. Mmoja aliandika kwa uchungu: *Na mimi nimeshanyoa ndevu.* Waliobaki walikaa kimya, na kimya hicho kilimkalia Bi Karani kifuani Ijumaa nzima.

Jumamosi aliamka mapema, akavaa buti alizoazima, kubwa kuliko miguu yake kwa namba mbili, akaivaa na miwani. Saa mbili kasorobo uwanja wa zahanati ulikuwa na wanachama wale wale kumi na mmoja, sufuria ya chai na muuguzi aliyechungulia dirishani akarudi ndani. Saa mbili ikafika. Ikapita kidogo.

Kisha toroli ikasikika ikipiga kelele barabarani. Nyuma yake alikuwa mwanamume mnene, mwenye ovaroli iliyolowa oili ya zamani na mabeleshi mawili begani.

"Mimi ndiye nisiyelala nje," alijitambulisha. "Katibu ni yupi?"

Bi Karani aliinua mkono kama mwanafunzi.

"Mama, ule ujumbe wako nimewasomea gereji nzima. Nina miaka ishirini natengeneza magari ya watu, sijawahi kusikia mtu akisema kosa ni langu. Nikasema huyu lazima nikamwone." Akampa beleshi moja. "Tuanzie wapi?"

Baada yake akaja dereva wa lori, mikono imejaa magunia. Wakaja wawili, wakaja watano. Wakaja pia wasiojiandikisha kabisa, kwa sababu ujumbe ulikuwa umesambazwa kutoka simu hadi simu, na miongoni mwao kundi la wanawake kutoka upande wa sokoni, wamejifunga khanga viunoni na reki mikononi.

"Tumesikia kuna wanaume sitini wanaotaka kuoa wamekusanyika mahali pamoja wanafanya kazi," mmoja alisema. "Kitu kama hicho mtu hakosi kwenda kukiangalia."

Hata hivyo, wapo wanaosoma ujumbe wa kwanza wasisome wa pili. Saa tatu kasoro waliingia wanaume watatu waliovalia suti. Mmoja alikuwa ameongozana na shangazi yake, mama mwenye mwavuli na maswali, aliyekwenda moja kwa moja kwa mwenyekiti.

"Bibi harusi wetu yuko wapi?"

"Yumo mtaroni, shangazi," alijibu fundi cherehani bila kupepesa. "Tunamtoa tope kwanza."

Shangazi alielezwa kisa chote, akacheka kwa kuchelewa lakini kwa kirefu, kisha akamgeukia mpwa wake. "Vua koti. Hata hivyo nyumbani hukuniambia una kazi nyingine leo."

Wa pili miongoni mwa wale wenye suti aligeuka akaenda zake. Wa tatu, bwana wa makamo mwenye suti ya kijivu, manukato na maua yaliyozungushiwa nailoni, alikuwa tayari amefika mezani kwa Bi Karani na kuinama kusaini karatasi ya mahudhurio. Alisaini kwa mkono mwepesi, wa mtu anayesaini kutwa nzima. Bi Karani akaitazama ile sahihi. Ilijikunja kama ndoano.

Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Samahani, bwana. Unafanya kazi wapi?"

"Manispaa, mama. Idara ya barabara na mitaro."

Waliokuwa karibu wakaweka mabeleshi chini, wakasogea.

"Barua yako imepokelewa," alisema Bi Karani polepole.

Yule bwana akamkodolea macho. Uso wake ukapita kwenye mshangao, ukaangaza, na kabla akili haijamwonya alikuwa amekwisha sema: "Ni wewe? Mama wa zile barua? Mama, barua zako tunazitumia kuwafundishia makarani wapya! Tumezibandika ukutani. Hakuna kosa hata moja!"

"Na mtaro?"

Bwana aliyatazama maua yake.

"Kwenye tangazo," Bi Karani aliendelea, "barua zote tatu zimo kama viambatisho. Hukuvifungua?"

"Niliangalia juu juu. Nikaona uandishi wa nidhamu, nikajisemea hawa ni watu wa maana."

Hapo mwenyekiti alikuwa amefika. Kila mtu alitegemea sauti ile ya mitaa mitatu ipae. Badala yake alimpokea yule bwana maua, akayaweka juu ya sufuria, akamvua koti taratibu kama anayempima nguo, akamzungushia kiunoni kitambaa kizito cha turubai na kukikaza fundo.

"Karibu sana, bwana wa manispaa," alisema. "Umepangiwa pale penye godoro."

Kwa haki ya Mungu, alifanya kazi. Lile godoro lilitolewa na watu wanane, yeye akiwa wa mbele kabisa, na lilipotoka lilitoa sauti na harufu zilizowafanya hata wauguzi wapige makofi wakiwa wameziba pua. Bi Karani alishika kipande chake baina ya fundi magari na shangazi mwenye mwavuli, aliyekuwa sasa anautumia mwavuli huo kuvuta chupa. Hakuwa na nguvu nyingi. Lakini kila alipoinua macho aliona mstari wa migongo ukienda mpaka pembe ya nyumba, na watu wasiojuana wakipeana maji, na akagundua kwamba tangu asubuhi hakuna aliyemcheka kwa namna iliyomuuma.

Adhuhuri wakafika kwenye bomba la saruji, na hapo mikono ikashindwa. Ndani kabisa kulikuwa kumekwama kitu, na beleshi halikufika. Watu wakamgeukia bwana wa manispaa. Naye alisimama ndani ya tope hadi magotini, suruali ya suti imepoteza rangi, akiangalia mdomo wa bomba ambalo kwenye ramani ya ofisini kwake lilikuwa mstari mwembamba wa buluu.

"Sikujua ni pakubwa hivi," alisema, si kwa mtu yeyote.

Akafuta mikono, akaomba simu, kwani yake ilikuwa mfukoni mwa koti. Walimsikia akibishana na mtu wa upande wa pili. Ndiyo, leo. Najua ni Jumamosi. Hapana, sijalewa. Lete lori la kunyonya, nakusubiri hapa mwenyewe.

Lori lilifika saa nane. Lilinguruma muda mrefu, likatapika tope, likatoa kisiki kizima na nusu ya kibao cha duka ambalo wazee tu ndio waliolikumbuka. Kisha pakatoka maji meusi, kidogo, halafu mengi, halafu yakaanza kwenda yenyewe. Watu walipiga vigelegele mpaka dereva wa lori hilo la manispaa akadhani kweli kuna harusi.

Watu bado huuliza kama kuna aliyeolewa. Inasemekana mmoja wa wale wanawake wa sokoni anaonekana sana gereji siku hizi, na wala hana gari. Wanaojua zaidi hawasemi. Bwana wa manispaa alirudi Jumatatu kwa fundi cherehani na ile suruali, akaambiwa haitengenezeki, akapimwa mpya. Na sehemu ile ya mtaro imewekewa wavu wa chuma mdomoni mwa bomba. Mkutubi naye alimwomba Bi Karani akae naye darasani kila Jumanne. Alikubali, na huwa anaanza kwa kuwaonyesha wanafunzi lile tangazo lake la kwanza, lote, bila kuficha hata nukta, kisha anangoja wamalize kucheka.

Mvua kubwa ya kwanza ilinyesha wiki mbili baadaye, saa sita mchana. Bi Karani alitoka nje na mwavuli, akawakuta wenzake tayari wamejipanga kando ya mtaro kama watu wanaotazama gwaride. Maji yalishuka kutoka sokoni, ya kahawia, yenye haraka, yakapita nyuma ya zahanati bila kugeuza uso, yakaingia bombani. Muuguzi alifungua mlango wa nyuma, akasimama kizingitini na viatu vyake vyeupe vikavu, akawapungia mkono.

"Yanapita," alisema wifi yake.

"Yanapita," alisema Bi Karani.

Upepo ukaupindua mwavuli wake, na mvua ikamlowesha miwani asione kitu. Aliendelea kusimama palepale, akiyasikiliza.